Pazia la Chumba cha Giza

Wivu alizaliwa nao, na hakuwahi kuuficha. Dada zake walimtania kwamba akinunuliwa gauni jekundu, atalitazama la bluu la mwenzake mpaka macho yamtoke. Alipokua akawa fundi wa mapazia, tena fundi hasa, mwenye chumba chake cha kushonea kilichotazama barabara, cherehani ya miguu karibu na dirisha, na majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu wanaongoja zamu. Wateja walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja. Mabinti wenyewe sasa walikuwa wakubwa, wanasoma mbali, shule ya bweni. Nyumbani akabaki yeye na mumewe.

Mumewe alifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha kusafishia filamu za eksirei, na wenzake walimbandika jina la Popo. Kutwa alikuwa gizani, na taa moja nyekundu iliyofifia, akitumbukiza filamu kwenye dawa na kuzitoa zikichuruzika maji, mifupa ya watu imejichora. Hata walivyokutana ilikuwa ni kwa kazi hiyo hiyo. Sindano ya cherehani ilimtoboa Mama Pacha kidole, ikakatikia ndani ya nyama. Akapelekwa kupigwa eksirei, na baada ya muda kijana mmoja mwembamba akatoka mlangoni, amekunja macho kwa mwanga, ameinua filamu mbichi juu.

"Sindano yenyewe hii hapa," akasema. "Imetulia kama iko kwake."

Mama Pacha akacheka huku analia. Mambo yakaanzia hapo mpaka ndoa.

Miaka ikaenda. Popo hakuwa mtu wa maneno. Alirudi ananuka dawa, harufu kali kama ya siki, akaoga, akala, akafungulia redio. Mama Pacha aliwahi kuionea wivu hata hiyo redio, akaificha kabatini mpaka akaombwa msamaha wa kosa ambalo hakuna aliyelijua. Lakini kwa wanawake, Popo hakumpa sababu. Nani atamtaka mtu mwenye vidole vya kahawia kwa dawa na shati lenye madoa? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na akalala usingizi wake vizuri.

Ndipo hospitalini akaletwa mpiga eksirei mpya, mwanamke mrefu, msomi, mchapakazi, anayetembea kama amechelewa hata akiwahi. Wafanyakazi hawakukawia, wakamwita Madam Mionzi. Wiki ile ile aliyofika aliingia kwenye chumba cha Popo, ambacho kwa kweli kilikuwa stoo chini ya ngazi, akatoka akikohoa. Hakukuwa na pa kutolea hewa. Beseni la dawa lilikaa bega kwa bega na meza ya kufungulia filamu, tone likiruka tu, picha ya mtu imeharibika. Mlango uliliwa na mchwa chini, na kila mtu akipita na tochi kwenye ngazi, Popo alipiga kelele kutoka ndani, maana mwanga wowote usio wa taa nyekundu huharibu filamu. Madam akaenda kwa mganga mkuu, akasema hafanyi kazi pangoni. Wakapewa chumba kitupu kando ya chumba cha eksirei, na ruhusa ya kukipanga watakavyo.

"Watakavyo," Mama Pacha akarudia alipoambiwa. "Nyinyi nani na nani?"

"Mimi na Madam," Popo akasema, na akatabasamu.

Tabasamu hilo Mama Pacha alilijua. Aliliona mara ya mwisho walipozaliwa pacha.

Toka siku hiyo redio haikufunguliwa tena. Kila jioni, sahani zikishaondolewa, Popo alitandaza karatasi mezani. Kiberiti kilikuwa meza kavu, pa kufungulia na kufungia filamu. Vikombe vilikuwa matangi: la dawa ya kuitoa picha, la maji, la dawa ya kuikaza picha isififie, halafu maji tena. Kijiko kilichokatiza njia kilikuwa ukuta. Alivihamisha huku na huku, akivuta mdomo kama mcheza bao.

"Upande mkavu huku, wa maji kule, visikutane kabisa," alisema, akiongea na kiberiti. "Kidirisha cha kupitishia makasha ya filamu kiwe hapa ukutani, kina milango miwili, huu ukifunguka ule haufunguki. Madam anasema tusiweke mlango wa kawaida wa kuingilia. Tuweke kinjia chenye kona, mwanga ugonge ukuta ufie hapo hapo, na pazia zito mwisho wake."

"Madam anasema," Mama Pacha akaitikia.

"Eeh. Na rangi ndani, Madam anasema isiwe nyeusi. Watu wanadhani chumba cha giza lazima kiwe cheusi, kumbe hapana. Iwe krimu, ile ya kung'aa kidogo, ili taa nyekundu isambae tuonane."

Mama Pacha akainua macho, akatazama ukuta wa sebule yao. Rangi ilikuwa imebanduka magamba magamba tangu pacha wakiwa wanatambaa, na kila akimkumbusha mumewe, jibu lilikuwa tutaona. Leo mtu huyo huyo anachagua krimu ya kung'aa kidogo. Ili waonane.

"Na feni?" akauliza, sauti yake tamu kama sumu ya panya. "Hamtaki feni, mpepewe?"

"Tumeshaiweka!" Popo akasema kwa furaha, asielewe kitu. "Ya kutoa hewa chafu, ina kofia juu mwanga usiingie. Umejuaje?"

Anayejua kutia utambi hakosekani, na kwa Mama Pacha alikuwa wifi yake, dada wa Popo, msusi mwenye saluni upande wa pili wa barabara. Wifi huyu hakuwa mbaya, ila ulimi wake ulikuwa hauna breki. Alipita siku moja kuazima mkasi, akasikia habari za chumba kipya, akaketi kabisa.

"Hebu nielewe, wifi yangu. Kaka na huyo mama, wao wawili."

"Wawili."

"Chumba hakina dirisha."

"Hakina."

"Giza."

"Giza totoro, na taa nyekundu."

"Hee!" Wifi akajifunika mdomo na ule mkasi. "Mimi kaka yangu namjua, hana mambo hayo. Lakini hata mimi ningepewa chumba cha hivyo, ningejikuta nina mambo."

Akacheka mpaka machozi, akaenda zake kusuka watu. Mama Pacha akabaki na jora la kitambaa mapajani, hajui apime au akate. Kuanzia siku hiyo akawa mpelelezi. Akaona Popo amenyoa ndevu katikati ya wiki. Akaona amepiga pasi shati mwenyewe. Akanusa kola, akakuta dawa ile ile ya siku zote, na hilo nalo likamkera, maana angalau manukato yangemaliza ubishi.

Siku moja Popo alisahau miwani yake nyumbani. Mama Pacha hakungoja airudie. Akajifunga kitambaa kizuri kichwani, akaifunga miwani kwenye leso, akaenda. Chumba kipya kilikuwa bado kuta tupu, hakina rangi wala kinjia. Akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akachungulia.

Sakafuni walikuwa wamechora kwa chaki chumba kizima: meza, matangi, kidirisha, kona. Popo na Madam walikuwa katikati ya michoro hiyo, wote wawili wamefumba macho. Walikuwa wanatembea. Madam alinyoosha mkono kushoto akashika hewa, kana kwamba anafungua kasha, akageuka, akasema, "Filamu." Popo akanyoosha mkono wake bila kutazama, akaipokea hiyo hewa, akapiga hatua, akaitumbukiza kwenye tangi lisilokuwepo. Madam akapita nyuma yake kurudi kidirishani. Hawakugusana. Hawakugongana. Kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi.

"Tangi la mwisho liko mbali," Popo akasema, macho bado yamefumbwa. "Mkono wangu umelitafuta."

"Basi tulisogeze," Madam akajibu. "Wewe ndiye utakayekaa nalo, si mimi."

Wakafumbua macho, wakacheka, wakapiga magoti kufuta chaki kwa viganja.

Heri angewakuta wameshikana. Angepiga kelele, ukumbi ungejaa, na jambo lingekwisha. Lakini hili angelipigia kelele gani? Kwamba mume wake ameulizwa mkono wake unafika wapi? Aliiacha miwani kwa mhudumu wa mapokezi, akarudi nyumbani kifua kinawaka. Katika miaka yote ya kuishi nyumba moja, yeye na Popo walikuwa bado wanagongana jikoni.

Ndani ya mwezi kuta zikapakwa, matangi yakaja, kinjia kikajengwa. Likabaki pazia. Popo alirudi nyumbani amebeba jora la kitambaa cheusi begani, kizito kama blanketi.

"Nimewaambia hakuna fundi mwingine," akasema, akilitua mezani kwa mkewe kama zawadi. "Tabaka mbili, Mama Pacha. Liburuze sakafuni, lilaliane ubavuni kiasi cha urefu wa mkono. Mwanga usipate hata tundu la kupitisha sindano."

"Kuwe giza kabisa," Mama Pacha akasema.

"Kabisa."

Akashona. Tabaka la kwanza alilikata kwenye lile jora zito. Lakini lilikuwa jora fupi, la kutosha kwa kubana, na tabaka la pili lilipofika mkasi wake ukasita. Kwenye kona kulikuwa na bitana nyeusi, nyepesi, ile inayoshonewa ndani ya koti. Kwa mbali haina tofauti. Mama Pacha akaishika akaielekeza dirishani, akaona kivuli cha vidole vyake. Kisha akafumua hata tabaka la kwanza, akalirudisha jora kwenye rafu, na pazia zima akalishona kwa bitana, tabaka mbili kama alivyoagizwa, na mnyororo wa chuma kwenye pindo ili lining'inie kwa uzito na mtu asihisi. Hakujiambia anaharibu kazi. Alijiambia chumba chenye watu wawili kinahitaji angalau mwanga kidogo. Wakionana vizuri watakumbuka wao ni nani.

Popo mwenyewe alilitundika, asubuhi, na kinjia kilikuwa na kivuli, akaona giza la kutosha. Chumba kikafunguliwa. Mganga mkuu akaja, akapita kinjia akajigonga pua, kila mtu akapiga makofi.

Matatizo yalianza mchana. Filamu za asubuhi zilitoka safi, mfupa mweupe, pembeni nyeusi. Za alasiri zikatoka zimekufa rangi, kijivu, kama zimepitiwa na moshi. Popo akabadilisha dawa. Madam akafungua boksi jipya la filamu. Alasiri iliyofuata, kijivu tena. Akaletwa mwashi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, kifundo cha mkono kimevimba kama mkate. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ikabidi apigwe tena, akunje tena mkono ule ule kwenye meza ile ile, na mlio alioutoa ulisikika mpaka mapokezi.

Jioni hiyo Popo hakula.

"Wanasema mikono yangu imezeeka," akasema. "Wanasema pale chini ya ngazi filamu zilikuwa nzuri kuliko hizi. Mganga mkuu anauliza kama tulijua tunachokifanya."

Ndani ya Mama Pacha kitu kilifurahi, tusidanganyane. Kilifurahi haraka, kikakaa kitako. Akauliza kwa upole, "Na Madam wako anasemaje?"

"Amenitetea. Amesema mbele ya wote, kama kuna kosa basi ni la kwake, Popo hana kosa."

Furaha ikageuka nyongo hapo hapo. Kwa hiyo hata chumba kikishindwa, wanashindwa pamoja! Akaondoa sahani kwa kishindo, Popo akadhani mkewe ana uchungu naye, akamshukuru.

Kesho yake, alasiri, Popo aliomba chumba kisiingiwe na mtu. Akazima hata ile taa nyekundu, akaketi sakafuni, akangoja. Jicho la mtu anayetoka nje halioni kitu gizani, lakini likiachwa litulie huanza kuona hata kisichotakiwa. Alimsimulia mkewe baadaye kwamba kwanza palikuwa peusi tii, akasikia tu maji yanadondoka. Halafu taratibu, mbele yake, pazia likaanza kuonekana. Jua la alasiri lilikuwa limepata dirisha la ukumbi, likagonga ukuta wa kinjia, na pazia likawaka hafifu, kama kope lililofumbwa juani. Akasimama, akalishika. Popo hakujua vitambaa, ila alikuwa amelibeba lile jora begani mwenyewe, na bega lake lilikumbuka uzito.

Akaingia chumba cha kushonea kabla ya saa ya kutoka kazini, pazia limeviringishwa kwapani. Wifi alikuwa amekaa pale na stori zake. Akamtazama kaka yake usoni, akakumbuka ana mteja.

Popo akalitandaza pazia juu ya cherehani.

"Jora liko wapi, Mama Pacha?"

Mama Pacha akaelekeza kidole kwenye rafu. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Lilikuwa halitoshi?"

"Lilitosha."

Popo akavuta kigoda akaketi, na hilo likamtisha mkewe kuliko kelele.

"Nilitaka mwanga uingie," Mama Pacha akasema, kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Mko wawili mle ndani! Krimu ya kung'aa! Hapa ukuta unabanduka, kule mnachagua rangi muonane vizuri. Niliwaona mimi, siku ya miwani. Mmefumba macho mnazunguka kama mmezaliwa pamoja. Mimi ukinipisha jikoni unanikanyaga!"

"Ulituona," Popo akasema polepole, "na ukaondoka bila kusema."

"Ningesema nini?"

"Hakuna kitu kati yangu na yule mama."

"Kipo. Si hicho anachofikiria wifi, lakini kipo. Unarudi nyumbani unang'aa."

Popo akatazama vidole vyake vya kahawia. Angeweza kukana, na labda mtu mwingine angekana.

"Kipo," akakubali. "Nimefurahi, Mama Pacha. Miaka yote hii pale kazini mimi ni mkono unaotoka gizani na filamu. Yeye ameniuliza: ungependa meza iwe na kimo gani? Mgongo unakuuma ukiinama? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata wewe."

"Na wewe umewahi kuniuliza nini kuhusu mapazia?"

Wakakaa hivyo, kila mmoja ameumia kwa haki yake.

"Nimewaambia kitambaa nilikosea mimi kununua," Popo akasema hatimaye, akiinuka. "Lakini kuna mwashi alipigwa eksirei mara mbili kwa mkono uliovunjika. Hilo siwezi kulibeba kwa niaba yako."

Mama Pacha alishona siku ile ile, kitambaa kizito, tabaka mbili, akatoboka kidole na hakulalamika. Alipomaliza hakumpa Popo. Akalipeleka mwenyewe.

Madam Mionzi alimpokea akamsaidia kulitundika, kila mmoja upande wake. Pazia lilipotulia, Madam akazima taa kulijaribu, na hao wawili wakabaki gizani, hawaonani. Mama Pacha alimsikia akihema karibu. Alinusa sabuni yake, nzuri, na hata pale moyo ukamruka.

"La kwanza lilikuwa bitana," sauti ya Madam ikasema. "Mama yangu alikuwa mshonaji wa makoti. Popo alipolishusha nikashika pindo, nikajua, ila aliposema ni kosa lake nikanyamaza."

Mama Pacha akaligusa pazia jipya. "Basi unajua na kwa nini."

"Nakisia. Hilo ni la nyumbani kwenu, mimi silimo. La kwangu ni moja. Yule mwashi, mimi ndiye niliyemkunja mkono mara ya pili. Mimi."

Hakupandisha sauti. Mama Pacha alingoja maneno ya kumfariji yafuate, yale ambayo wanawake hupeana, dada usijali, wivu ni wetu sote. Hayakuja. Katika giza lile hapakuwa hata na uso wa kuusoma.

"Nisamehe," akasema.

"Pazia hili ni zuri," Madam akajibu, akawasha taa, akaenda kumwita mgonjwa.

Mama Pacha akauliza mapokezi, akaelekezwa alipo mwashi. Alimkuta kwake ameketi barazani, plasta mpaka kiwikoni, shati limening'inia begani kwa sababu mkono wake haupiti. Akamwambia yeye ni mke wa mtu wa eksirei, na kwamba ameshona pazia baya, na kwamba ndilo lililofanya apigwe mara mbili. Sababu hakuisema. Mwashi akasema na yeye aliwahi kujenga ukuta ukapinda, lakini haukumwangukia mtu. Mama Pacha akaondoka na mashati yake, akayapasua mikono ya kulia, akaishonea vifungo toka bega mpaka mwisho ili plasta ipite, akayarudisha. Mwashi akayapokea. Hakumkaribisha kuketi.

Chumba kikafanya kazi, asubuhi na alasiri. Watu wa hospitali nyingine walikuja kukitazama, Popo akawaonyesha kidirisha chenye milango miwili kana kwamba anaonyesha mtoto. Nyumbani akapaka sebule, bila kuombwa, rangi ya bei rahisi iliyoacha mistari, na Mama Pacha akamsifu. Akaanza kumuuliza mambo ya kazi, kwanza kwa kujilazimisha. Siku nyingine alisikiliza. Siku nyingine Popo akisema "Madam anasema," alinyanyuka akaenda kuangalia kitu jikoni ambacho hakikuwa kinaungua.

Baada ya mwaka na ushei Madam Mionzi akahamishiwa mji mwingine, na mahali pake akaletwa kijana wa kiume, mpole, ambaye hakuuliza mtu chochote. Mama Pacha aliposikia aliimba akifua. Wifi alivuka barabara kuja kumpongeza.

Lakini Popo akanywea. Alirudi, akaoga, akala, akakaa mbele ya redio bila kuifungua. Mama Pacha alimtazama kutoka mlangoni, na akagundua kwamba hata huzuni ile anaionea wivu, kwa sababu hakuwa na hakika kama yeye angeondoka angeachiwa ya namna hiyo. Akasimama pale kitambo akipigana na ulimi wake. Mwishowe akaenda, akavuta kiti karibu na cha mumewe.

"Huyu kijana mpya," akamwambia, "anakupisha vizuri mle ndani?"

Popo akageuka. "Ananikanyaga," akasema.

"Nieleze."